Mama Muuguzi Anajibu: "Nimwambie kabla ya posa, au ninyamaze?"

Barua za mwezi huu ni tatu na zinafanana. Nimeanza na ile ndefu kwa sababu mwandishi wake anataka jibu kabla mjomba wake hajakaa na wageni.

Shikamoo Mama Muuguzi. Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Tandahimba, ni karani kwenye chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Tangu utotoni nina madoa ya rangi ya kahawa mgongoni na tumboni. Nilipovunja ungo vikaanza kutoka vinundu laini, kwanza mkono wa kulia, baadaye mgongoni. Haviumi. Marehemu baba alikuwa navyo vingi kunizidi, na alilima mpaka uzeeni. Unyagoni wenzangu waliniita Kanga kwa ajili ya yale madoa, na jina likanifuata hadi shuleni. Kuna mahali nilipewa dawa za fangasi muda mrefu, hazikusaidia kitu. Mwaka jana ndipo daktari mmoja aliponiangalia vizuri akasema ni ugonjwa wa kurithi, unaitwa NF1, kwangu ni mwepesi na hauhitaji dawa.

Ugonjwa wenyewe haunisumbui, Mama. Kinachonisumbua ni hiki. Kuna kijana, mwalimu wa sekondari Lindi, baba yake ni mkulima wa hukuhuku kwetu. Tulijuana msimu uliopita alipokuja kufuatilia malipo ya mzee wake. Tunapendana kweli. Hajawahi kuniona bila mikono mirefu, hata ghalani mwezi wa kumi na moja, na joto la mwezi ule unalijua. Sasa anataka kuleta barua ya posa. Mama mdogo anasema ninyamaze, nifunge ndoa kwanza, akishaniona ndani atakuwa hana pa kwenda. Mjomba anasema wakija tuwapunguzie mahari, ili wakijua baadaye wasiwe na la kusema. Nami naogopa hata kusingwa, maana kina mama wote wataniona. Nishauri.
*Mwenye Mikono Mirefu, Tandahimba*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nilimsomea mzee wangu, na jina lako hata mimi silijui, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Nilimsomea kwa sababu ana hali hiyohiyo yako, mgongo mzima, na nimeishi naye tangu nikiwa muuguzi kijana hapa Mtwara. Kwa hiyo nakujibu kama muuguzi, na pia kama mke aliyewahi kuambiwa hayo unayoogopa kuyasema.

Mwambie. Mwambie kabla barua ya posa haijaandikwa. Na mahari isipunguzwe hata shilingi.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa sababu ukiujua vizuri hutababaika utakapoulizwa. Jina lake refu ni nyurofibromatosisi aina ya kwanza. Daktari wa Kijerumani, Friedrich von Recklinghausen, ndiye aliyeueleza kwa kina mwaka 1882, na vitabu vingine bado vinauita kwa jina lake. Mwaka 1990 wanasayansi wakakiona kinasaba kinachohusika, yaani chembe ya urithi tunayopewa na wazazi, kiko kwenye kromosomu ya 17. Kazi ya kinasaba kile ni kuzuia seli zisikue kupita kiasi, na kikiwa na hitilafu, seli zinazozunguka mishipa ya fahamu zinakua mahali pasipotakiwa. Ndipo vinundu vinapotoka. Si ugonjwa wa nadra kama watu wanavyodhani: inakadiriwa mtoto 1 kati ya 3,000 hivi huzaliwa nao, duniani kote, Wazungu kwa Waafrika. Na karibu nusu ya wenye hali hii hawakurithi kwa mtu, hitilafu imeanzia kwao wenyewe. Hakuna aliyeroga, hakuna aliyevunja mwiko.

Hauambukizi. Si kwa kushikana mikono, si kwa taulo, si kwa kulala pamoja. Hili liseme waziwazi, kwa sababu huku kwetu mtu akiona kitu kwenye ngozi anataja ukoma au ukimwi kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Ukoma wauguzi tunaupima hata kwa kipande cha pamba: mgonjwa anafumba macho, unaligusa doa, na mara nyingi doa la ukoma halihisi. Doa lako litahisi pamba ile sawasawa na ngozi nyingine. Ukitaka, jaribu wewe mwenyewe leo usiku.

Sasa lile zito. Kila mimba utakayobeba, uwezekano wa mtoto kurithi ni nusu kwa nusu. Usielewe kwamba ukizaa wanne basi wawili watapata. Wanaweza wasipate wote, au wakapata watatu. Kila mimba inaanza hesabu yake upya. Na wepesi wako si ahadi ya wepesi kwa mtoto. Ndani ya familia moja baba anaweza kuwa na madoa tu, mtoto akawa na mgongo uliopinda au shida ya macho. Sisi tuna watoto watatu, na aliyerithi ni wa kati. Vinundu havikumsumbua, kilichomsumbua ni kusoma. Watoto wengi wenye hali hii hupata ugumu wa kusoma, kuandika au kutulia, na wetu alirudi nyumbani analia kila jioni mpaka tukakaa na mwalimu wake, akamhamishia dawati la mbele na kumpa muda zaidi. Leo ni fundi umeme Masasi, ana mke. Nakuambia haya ili mchumba wako akiuliza kuhusu watoto umjibu ukweli mzima. Ukimpa nusu, siku moja ile nusu nyingine itawagombanisha.

Utamwambiaje? Si kwa simu, na si kwa ujumbe wa maandishi ambao atausomesha marafiki zake. Mngoje aje Tandahimba, mchana, mahali pa wazi mnapoweza kuongea bila kusikilizwa. Usianze na "samahani" wala "naomba usinichukie." Hujamkosea. Sema hivi, au kwa maneno yako: "Kabla watu wako hawajaja, kuna jambo la mwili wangu nataka ulijue kwangu mimi mwenyewe. Nina ugonjwa wa kurithi wa ngozi na mishipa ya fahamu. Baba alikuwa nao. Hauambukizi. Kwangu ni mwepesi. Watoto wetu wanaweza kurithi." Kisha kunja mkono wa gauni mpaka kwenye kiwiko, aone. Halafu nyamaza. Hapo ndipo wengi wanaharibu, wanajazia kimya kwa kujitetea. Mwache aulize yeye.

Mzee wangu alinifanyia hivyo ufukweni Mikindani, nami nimevaa sare ya kazi. Alivua shati, akachukua kidole changu akakiweka juu ya kinundu kimoja begani. "Bonyeza," akasema. Nikabonyeza. Kilizama chini ya ngozi, laini, nilipoondoa kidole kikarudi. "Kinauma?" nikauliza. "Hakiumi. Ila watu wakikikodolea macho, hapo naumia." Nilikuwa nimekwisha kuona vinundu wodini, lakini hakuna mgonjwa aliyewahi kunikabidhi mwili wake kwa utulivu ule. Nilimpenda zaidi siku ile, na sisemi hivi ili kukupamba. Mtu anayeweza kusimama akajieleza bila kuomba msamaha, unajua kabisa kwamba mkipata shida ndani ya nyumba atasimama hivyohivyo.

Mama yako mdogo anakutakia mema, ninajua. Anaogopa utabaki nyumbani. Lakini ushauri wake unamfanya mumeo kuwa mtu aliyenaswa, na mtu aliyenaswa hata akibaki hana raha. Tena siri yenyewe haitunziki. Unyagoni walikuona, shuleni walikuona, na Lindi hadi Tandahimba ni watu wale wale, wanakutana kwenye mabasi na minadani. Mshenga atakuja kuulizia ukoo, ndiyo kazi yake. Ukinyamaza, mchumba wako atasikia habari za mwili wako kutoka kwa mtu wa barabarani, na atakayemsimulia hatasema NF1, atasema neno lingine.

Kwa mjomba nina maneno makali kidogo, na naomba umfikishie kwa adabu. Mjomba, najua kwetu kusini wewe ndiye mwenye neno kwa mtoto wa dada yako, kwa hiyo neno lako ndilo linaloweza kumpandisha au kumshusha. Binti huyu anapokea korosho msimu mzima, anajua daraja la kwanza na daraja la pili, na anajua la pili linauzwa bei ya chini. Ukipunguza mahari kwa sababu ya ngozi yake, umempanga mwenyewe kwenye daraja la pili mbele ya wakwe, na hatatoka humo. Siku wakigombana kwa jambo la chumvi ataambiwa "ndiyo maana tulikupata kwa bei ile." Kama mnataka kupunguza kwa sababu kijana ni mwalimu na mshahara ni mdogo, hiyo ni huruma nzuri. Ngozi isitajwe.

Na wewe, mwanangu, jihadhari na mapenzi ya aina moja. Kuna mwanamume atakayesema "mimi nimekukubali hivyohivyo," na sauti yake ina deni ndani. Halafu kila atakachotaka atakudai: uache kazi, uvumilie wanawake wake wa nje, kwa sababu yeye "alikukubali." Nimewaona wanawake wa namna hiyo kliniki, wanamshukuru mtu anayewatesa. Mwangalie mwalimu wako baada ya kumwambia. Akiuliza maswali, akanyamaza siku mbili tatu akifikiri, hiyo ni heshima, mpe muda. Akikugusa mkono bila kusita, vizuri. Lakini akianza kujihesabia ukarimu, hata kwa utani, huyo muogope kuliko yule atakayesema hawezi na kuondoka. Wapo watakaoondoka, sikudanganyi. Utaumia. Usimfuate, usimtumie watu kumbembeleza.

Kuhusu singo nimecheka kwa upendo, maana ni hofu ya kila bwana harusi na bibi harusi mwenye doa lolote. Chagua somo wako mapema, mtu mzima mwenye siri, umwonyeshe mgongo wako wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe. Yeye ndiye ataamua nani anaingia chumbani, na wakiwa wawili tu inatosha, hakuna sheria inayotaka ukumbi mzima. Mwambie asugue kwa kiganja, taratibu, asikwaruze juu ya vinundu. Singo yenyewe haina ubaya.

Mikono mirefu ni yako. Ukipenda kujistiri kwa dini au kwa mapenzi ya nguo, endelea. Ila kama unavaa kwa hofu tu, jaribu siku moja nyumbani, mbele ya majirani, uchote maji ukiwa umevaa kitenge na fulana. Watatazama siku ya kwanza. Siku ya tatu watakuuliza bei ya korosho.

Mambo ya hospitali nayataja haraka, lakini usiyadharau. Pima presha angalau mara moja kwa mwaka, kwa sababu hali hii inaweza kuipandisha hata kwa kijana. Ukifika miaka 30 mwambie daktari akuchunguze matiti kila mwaka. Wanawake wenye NF1 wana hatari kubwa zaidi ya saratani ya matiti wakiwa bado vijana. Ukishika mimba, waambie wa kliniki siku ya kwanza kabisa, na usishtuke vinundu vikiongezeka au vikikua wakati huo, hutokea. Kinundu kikikua haraka, kikiwa kigumu au kikianza kuuma, hasa usiku, usingoje msimu uishe. Nenda hospitali ya Ligula, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, au Ndanda kama uko upande huo, uwaambie jina la ugonjwa, kwa sababu si kila anayekupokea atakuwa amewahi kuuona. Wakiona inafaa watakuandikia rufaa kwa bingwa. Na kinundu kinachokera nguo au kinachokunyima raha usoni kinaweza kuondolewa kwa upasuaji mdogo. Hata hivyo kinaweza kuota kingine, na kama ngozi yako ina tabia ya kuvimba kovu, mwambie daktari kabla hajashika kisu.

Mama, mwanangu ana miaka 4, ana madoa saba ya rangi ya kahawa, hayamuwashi. Kwetu hakuna mwenye hali hiyo na kwa mume wangu hakuna. Mama mkwe anasema nilikanyaga kitu nikiwa mjamzito, na anataka mtoto achanjwe chale. *Mama wa Mikindani*

Chale hapana. Kabisa. Wembe wa kushirikiana ndio utakaomletea mtoto ugonjwa wa kweli.

Chukua rula. Kwa mtoto ambaye hajabalehe, madaktari huhesabu madoa yenye upana wa zaidi ya milimita 5, na yakifika 6 au zaidi wanaanza kufikiria NF1. Lakini madoa peke yake hayatoshi kuhukumu; wanatafuta na dalili nyingine, kama vidoa vidogo vidogo kwapani au kwenye kinena, au mzazi mwenye hali hiyo. Kutokuwapo mtu kwenye ukoo wenu hakuondoi uwezekano wala hakukutii hatiani. Mpeleke hospitali. Omba wamchunguze macho, na kama ni NF1 arudi kila mwaka, kwa sababu katika umri huu uvimbe unaweza kuota kwenye mshipa wa fahamu wa jicho na mtoto asiseme kitu. Ukiona jicho linatokeza, makengeza yameanza, au anajikwaa kwenye vitu alivyokuwa anavikwepa, usingoje tarehe ya kliniki. Angalia pia mgongo na mifupa ya miguu kama inapinda. Na baba wa mtoto aende nawe, asikie kwa daktari mwenyewe, ili akirudi amweleze mama yake. Wewe umeshaelezwa vya kutosha.

Mama Muuguzi, mchumba wangu ameniambia ana ugonjwa wa vinundu vya kurithi. Mimi sina shida, nilimshukuru kwa kuniambia. Mama yangu ndiye amekataa, anasema naleta ukoo wa magonjwa ndani ya nyumba yake. Sitaki mama anune, na binti simwachi. *Kijana wa Kilwa Kivinje*

Mwanangu, umefanya vyema kumshukuru. Mama yako usimjibu kwa hasira. Anaogopa kuuguza wajukuu, na huenda ameshauguza.

Ila kuna jambo ambalo mama hajaliuliza. Pwani yetu malaria imekaa miaka na miaka, na kwa sababu hiyo kinasaba cha selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, kimeenea sana, kwa kuwa anayekibeba kimoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Huyo anakuwa mzima, anacheza mpira, hajui. Akimwoa mwenzake anayebeba kama yeye, kila mimba ina uwezekano wa robo kuzaa mtoto mwenye selimundu kamili, na ule ni ugonjwa mzito kuliko vinundu vingi nilivyoviona. Wewe umeshapimwa? Nadhani hapana, na hakuna mshenga aliyewahi kuuliza hilo kwenu.

Nendeni wote wawili Hospitali ya Sokoine pale Lindi, mwombe kipimo cha damu cha selimundu kabla ya kupanga tarehe. Ni damu kidogo tu. Yeye tayari anajua cha kwake na amekueleza. Wewe cha kwako bado hakijulikani. Majibu yakitoka, kaa na mama jioni akiwa ametulia, umwonyeshe karatasi yako kwanza, uisome kwa sauti, ndipo muongee habari za binti. Kama karatasi yako ina kitu, mwambie pia binti, siku hiyohiyo, kama alivyokuambia yeye.